Nyumba ilijaa watu na mimi sikujua kuomba

Juzi nilikuwa kliniki, mimba ya pili hii, mwezi wa tano. Nikapimwa presha, nikatolewa damu, nikapandishwa mizani, nikaulizwa ya kwanza nilizaa kawaida ama kwa kisu, kwetu kuna mtu wa sukari, kuna mtu wa presha, kuna mapacha. Yote nikajibu. Halafu nikakaa pale kwenye kiti nangoja swali moja, yaani nilikuwa nimejiandaa nalo tangu nyumbani, nimelipanga jibu lake ndani ya matatu kutoka Kisauni mpaka mjini Mombasa, na halikuja. Nesi akafunga kijitabu.

Swali lenyewe ni hili: baada ya kuzaa mara ya kwanza roho yako ilikuwaje, na kabla ya hapo ushawahi kuugua dipreshoni, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na wewe mwenyewe ulilelewa vipi?

Nilizaa Juni 2022. Mimba ya kwanza kwetu mtu huzaa kwao akakaa arubaini yake kwa mamake, kwa hivyo mume wangu akanipeleka Majengo, nyumba ileile niliyozaliwa, ya ukumbi mrefu na vyumba huku na huku. Na nilihudumiwa, sitaki mtu asome hapa afikirie nilitupwa. Maji ya moto asubuhi na jioni, mamkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akinikanda, mkaja ukakazwa mpaka napumua kwa shida, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kila kitu kwa wakati wake. Mtoto akafukizwa, akatiwa wanja, siku ya saba akanyolewa na akika yake ikachinjwa. Mama mkwe akivuka feri kutoka Likoni kila Ijumaa na kapu lake. Wanawake wakiingia wakitoka, hongera mzazi, mashallah mwana ana nywele.

Siku ya tatu nikaanza kulia. Mamkubwa akasema ni maziwa hayo yashuka, muacheni, na wala hakukosea, manake kilio cha siku ya tatu au ya nne huwapata wanawake wengi sana, zaidi ya nusu ya wanaozaa, na kwa kawaida wiki mbili hazifiki kimeshakwenda zake chenyewe. Changu hakikwenda. Kilikauka tu machozi, na nyuma yake pakabaki patupu, sihisi furaha, sihisi uchungu, chakula naona kama nala karatasi. Na kila nikifungua mdomo kusema nasikia "kwani wewe ndiwe wa kwanza kuzaa?" au "shukuru Mngu, kuna wanaolilia hicho ulicho nacho". Nikawa nashukuru. Kwa mdomo.

Kuna usiku mmoja wiki ya tano siusahau. Saa tisa hivi. Mtoto analia pembeni yangu na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda natazama chandarua. Kilikuwa kimeraruka mahali, mama akakishona, chandarua cheupe na uzi mweusi, na mimi nahesabu ile mishono, kumi na moja, naanza tena, kumi na moja. Namsikia mtoto. Najua ni njaa. Mikono iko mapajani na haiendi. Naomba mnielewe hapa, haikuwa hasira wala kumchukia mwanangu, ile mikono ilikuwa kama imeazimwa na mtu mwingine. Mama akaingia. Akamchukua mtoto akampiga piga mgongoni, akaniwekea kifuani, akalishika ziwa langu akamtilia mtoto mdomoni, akasubiri mpaka aliposikia anameza, akatoka. Hakusema hata neno. Na mimi nikabaki na wazo moja tu, ameona, ameona kwamba sifai.

Watu sita walilala nyumba ile usiku ule, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia nisaidie. Si kwamba wangekataa, wallahi wangenisaidia. Ni kwamba lile neno sikuwa nalo. Nililitafuta nikalikosa, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hakikuwekwa nyumbani tangu zamani.

Mtu husikia dipreshoni ya uzazi anafikiria ni maradhi ya wanawake wa Ulaya wanaozaa wakafungiwa gorofani peke yao, sisi tuna arubaini, sisi tuna watu. Na ni kweli kuwa na watu hukinga, upweke ni moja ya vitu vinavyowaangusha wazazi kila mahali. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake baada ya kuzaa wanapata tatizo la afya ya akili, na kubwa lake ni dipreshoni, hiyo ni karibu mmoja kati ya watano, na huku ndiko kwenye arubaini na mabibi na mashangazi. Mimi nilikaa nikajiuliza inakuwaje, na jibu la kwangu nililipata nilipoulizwa nilivyolelewa.

Mamangu alikuwa akiuza mahamri. Saa kumi alfajiri ameshakanda unga, saa kumi na moja karai liko jikoni, saa kumi na mbili watu wamejipanga barazani na sahani zao za mbaazi. Alitulea wanne karibu peke yake. Karo haikuchelewa hata muhula mmoja, sare zimepigwa pasi, sijawahi kulala njaa, sijawahi. Lakini sikumbuki kukumbatiwa. Sikumbuki kuulizwa shule ilikuwaje. Nikilia ninaambiwa "nyamaa, kwani umefiwa?" basi nikajifunza kulia bila sauti, na baadaye nikajifunza kutolia kabisa. Na vilevile nilibanwa, baraza la jirani marufuku, nguo ya Idi nachaguliwa, hata nikiwa kidato cha tatu madaftari yangu yanafunguliwa moja moja kuangaliwa kama kuna barua.

Mkono wake niliujua Jumapili jioni tu. Nakaa chini mkekani katikati ya magoti yake ananisuka kwa ajili ya wiki ya shule, kitana kinavuta mpaka macho yanatoa maji, ukisogea anakurudisha kichwa kwa goti. Iliniuma na niliipenda. Wiki nzima nilikuwa naingoja Jumapili, manake ndio siku niliyokuwa nimeegemea mapaja yake na hanifukuzi.

Baba alikuwa baharia. Akirudi baada ya miezi minane, tisa, nyumba inabadilika harufu, ananibeba mabegani mpaka ufukweni Mama Ngina tunakula mihogo ya kuchoma na pilipili tunatazama meli zinaingia bandarini, ananitajia hii yatoka wapi na imebeba nini. Alinipenda waziwazi. Kwa wiki tatu. Halafu anaondoka tena na hakuna anayemtaja mpaka arudi.

Sasa 2010, nina miaka 19, niko hosteli ya chuo, ndipo nilianguka mara ya kwanza. Wiki sita siogi, siendi darasani, nalala mchana nakesha usiku nawaza kufa. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akapiga simu nyumbani, wakaja wakanichukua, nikasomewa, nikafukizwa, na sina neno baya juu ya kusomewa, ile Qur'an ilinituliza na bado inanituliza mpaka leo. Baada ya miezi mitatu hivi nikasimama. Hapo ndipo ukoo ukalifunga jambo. Lisitoke nje, ataolewa na nani huyu. Na kweli halikutoka, hata mume wangu alikuja kulijua mimi nimeshazaa. Kliniki mimba ya kwanza hakuna aliyeniuliza, na mimi nilishafundishwa kwamba hilo halisemwi.

Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya vyote, manake kumbe kuugua huku kabla ni moja ya dalili kubwa kabisa za kujua nani ataugua baada ya kuzaa. Kubwa kuliko umri, kuliko kazi, kuliko umezaa kawaida ama kwa kisu. Na mara nyingi haungoji hata mtoto atoke. Ile orodha ya maradhi ya akili wanayoifuata madaktari wa Marekani, toleo la 2013, imeandika kwamba karibu nusu ya hizi dipreshoni zinazoitwa za baada ya uzazi zimeshaanza mama bado ana mimba. Yangu ilianza mwezi wa saba, nikiikumbuka sasa naiona waziwazi, silali, nakaa dirishani usiku kucha, na kila mtu akisema ni uzito wa tumbo.

Chanjo ya wiki ya 6 nikaenda, mtoto akadungwa, akapimwa uzito, tukarudi. Chanjo ya wiki ya 10 nikamkuta nesi mmoja kijana sana, nafikiri bado alikuwa mwanafunzi. Akamaliza na mtoto, akanitazama akauliza, "Na wewe mama, walala?" Basi. Maneno manne. Nikalia pale mbele ya foleni nzima mpaka wanawake wakanipokonya mtoto.

Alinitoa pembeni akanipa fomu ya maswali 10, iko ya Kiswahili, inauliza mambo ya siku 7 zilizopita, umeweza kucheka, umejilaumu bure, umekosa usingizi kwa huzuni. Ilitungwa Scotland na Cox, Holden na Sagovsky, 1987, kila swali lina alama 0 mpaka 3, na kwa kawaida ukifika 13 hivi wanataka mtu akutazame vizuri zaidi. Mimi nilipata 19. Na hiyo 19 ni ya uongo, manake swali la 10 linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru na mimi nikatia sifuri. Niliogopa. Wakati ule kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilikuwa kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na mtu akishakuwa na hofu hatofautishi kuwaza na kujaribu, nikaona nikisema ukweli watamchukua mwanangu wanipeleke polisi, au wanipeleke Port Reitz, kwa wagonjwa wa akili, na mtaa mzima ujue. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Nilisoma ile habari kwenye simu nikiwa sokoni Kongowea, nikasimama pale katikati ya magunia ya viazi nikamkumbuka yule niliyekuwa, ameshika kalamu anatia sifuri.

Wewe unayesoma na una mtoto mchanga na hilo wazo linakujia, sema leo, kwa mtu yeyote, na ukikosa mtu kuna namba 1199 ya Red Cross ya Kenya, ni bure. Na kama ni mzazi wenu amezaa juzi juzi anasikia sauti, anaona vitu, halali kabisa, anasema mtoto si wake, hiyo ni nyingine na ni ya dharura, huwapata mmoja au wawili katika kila wanawake 1,000 wanaozaa, usingoje asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Nilipelekwa kwa mshauri, mama mtu mzima, ofisi yake ndogo ina feni inayopiga kelele. Siku ya kwanza hakuniuliza habari za mtoto kabisa. Aliuliza mara ya kwanza kuwa hivi ilikuwa lini, nikamwambia 2010, mara ya kwanza hilo jambo kutoka mdomoni mwangu katika miaka 12. Halafu akauliza, "Ulipokuwa mdogo ukiumia, ulikuwa wamkimbilia nani?" Nikafikiri, nikafikiri sana, nikamwambia hakuna.

Alinieleza kitu ambacho nataka kila mwanamke wa Mombasa akisikie. Kondo likishatoka, zile homoni mbili za uzazi, estrojeni na projesteroni, zinaporomoka ndani ya siku chache. Zinaporomoka kwa kila mwanamke, hakuna anayeepuka. Sasa mbona wengine wanaanguka na wengine hawaanguki? Marekani mwaka 2000 watafiti walichukua wanawake 16 wazima, wanane walikuwa wamewahi kuugua dipreshoni baada ya kuzaa na wanane hawajawahi, wakawapa homoni kiasi cha kuiga mimba halafu wakazikata ghafla. Katika wale waliowahi kuugua, watano kati ya wanane roho zao zikaanguka tena. Katika wale wengine, hakuna hata mmoja. Ni watu wachache, lakini mimi lilinitosha kuacha kujiita mvivu. Mwili unaokumbuka si mwili wa mtu mbaya.

Na upande wa malezi kuna fomu nyingine, sentensi 25, ya Gordon Parker na wenzake wawili huko Australia, 1979. Unakumbuka miaka yako 16 ya mwanzo na unajibu juu ya mamako, kisha fomu hiyohiyo juu ya babako. Inapima mambo mawili tu. Moja ni upole, kwamba alizungumza nawe kwa sauti laini, alikuelewa, alifurahi nawe. La pili ni kubanwa, kwamba alikuacha uwe mtu ama alikushika kooni. Mwenye upole mdogo na kubanwa kwingi ndiye wanayemtazama sana, na wanawake wenye kumbukumbu za namna hiyo wameonekana katika nchi mbalimbali kuwa na dipreshoni zaidi wanapozaa. Si hukumu, wapo wengi waliolelewa hivyo na wakazaa wakacheka, na wapo waliolelewa kama mayai na wakaanguka. Mimi nikijibu sentensi za mama mkono ulikuwa unatetemeka. Fomu ya baba ikatoka nzuri kabisa, na mshauri akaniambia kwa upole kwamba ile fomu haiulizi alikuwa nyumbani siku ngapi.

Niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Simu za mama sikupokea kwa wiki mbili. Nikamwambia mume wangu mambo yote usiku mmoja, 2010, kitana, madaftari, na yeye akanyamaza akasema pole, mbona hukuniambia. Nikamfokea. Nikamwambia ningelisema vipi neno ambalo sikufundishwa.

Na hapo hapo nikajisikia. Hapo ndipo nikaelewa ile nyumba iliyojaa watu. Mtoto aliyeambiwa nyamaa kila akilia hakui akawa mtu mzima asiyehitaji kitu, anakua akawa mtu asiyeomba. Akipewa uji anakunywa, akikandwa anakandika, lakini hasemi nishikie mtoto nataka kulala, hasemi naogopa, anangoja aonekane, na akionekana anadhani amegunduliwa kosa. Mama alikuwa ameingia chumbani saa tisa usiku akanisaidia bila kuombwa na mimi nikausoma ule msaada kama hukumu. Hivyo ndivyo malezi yanavyomfikia mzazi kitandani. Haiji kama kumbukumbu ya kitana, inakuja kama mdomo usiofunguka.

Nilimuuliza mshauri kama labda ile fomu niliijibu vibaya kwa sababu nilikuwa mgonjwa, mgonjwa huona kila kitu cheusi. Akasema ni swali zuri na limeshatazamwa, walirudi kwa kundi moja huko Australia mara kwa mara kwa miaka 20, matokeo yakatoka 2005, na watu wale walijibu karibu vilevile hata hali zao zilipobadilika. Lakini akaongeza kwamba fomu inapima kile mtoto alichobaki nacho. Haipimi yote mama aliyotoa.

Akanisimulia pia habari ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekaa Uganda 1954 na 1955 akizunguka nyumba za Waganda karibu na Kampala, kina mama 26, anakaa ukumbini nao anatazama. Yaani moja ya kazi za mwanzo kabisa za kumtazama mtoto na mamake nyumbani kwao ilifanyika hapa kwa majirani zetu. Na kitu kimoja alichokiona ni kwamba watoto waliokuwa na utulivu ni wa wale kina mama walioweza kumsimulia mtoto wao, mambo madogo madogo, analala vipi, anataka nini, anaogopa nini.

Nilikwenda Majengo baada ya zile wiki mbili. Ilikuwa alasiri, mama anakanda unga wa kesho. Sikuwa na hotuba. Mshauri alikuwa amenipa kazi moja tu ya wiki ile, niombe kitu kimoja kidogo kwa mtu mmoja. Nikasimama mlangoni pa jiko nikasema, "Mama, nishikie mwana nilale." Sauti ikatoka kama ya mtoto. Akanitazama. Akasugua mikono ile unga ukaanguka vipande vipande ndani ya beseni, akajifuta na leso, akasema, "Haya nipa." Halafu akasema, "Si ungesema."

Hilo neno lilinichoma, sitaficha. Mtoto wa miaka sita angesemaje. Lakini nikalala saa nne nzima kwenye kitanda changu cha zamani na nilipoamka nikakuta nimefunikwa. Mama yuko ukumbini, mtoto amelala mapajani mwake ana alama za unga mgongoni, na mama amemshika ncha ya sikio kwa vidole viwili, anaisugua taratibu. Nikamuuliza wafanya nini. Akasema bila kuinua macho, "Wewe hukuwa ukilala mpaka ushikwe sikio. Baba yako hakulijua hilo."

Alama zangu za ile fomu hazikubadilika, sikuzibadilisha na sitazibadilisha. Ila nililitafuta swali la sikio kwenye zile sentensi 25 na halipo.

Nilipona kwa muda mrefu, si kwa siku ile. Mshauri kila wiki kwa miezi mitano, na daktari akaniandikia sertralini, dawa ya dipreshoni, ambayo inaingia kidogo sana kwenye maziwa, nikanywa nikinyonyesha na mtoto hakupata neno. Msijinunulie duka la dawa, nawaomba, iandikwe na daktari na isikatwe ghafla. Na kwa wanaosema sisi hatuna madaktari wa akili wa kutosha, ni kweli, lakini Pakistan vijijini walifundisha wahudumu wa afya wa kawaida, wale wa kupita nyumba kwa nyumba, wasiokuwa na digrii ya saikolojia, wakakaa na wanawake waliokuwa na dipreshoni tangu wana mimba. Matokeo yakatoka 2008, mtoto akifika miezi sita waliobaki na dipreshoni walikuwa asilimia 23, na kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo asilimia 53. Wahudumu wa namna hiyo tunao, wanapita Kisauni, wanapita Likoni, wanajua nyumba gani kuna mzazi. Wafundishwe kuuliza "walala?" na wafundishwe kungoja jibu.

Basi juzi nesi alipofunga kijitabu, niliweka mkono juu yake. Nikamwambia ngoja, kuna kitu hujaniuliza. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, 2010, 2022, dawa niliyotumia, na kwamba nililelewa bila kuzoea kuomba kwa hivyo asingoje niombe, aniulize yeye. Akafungua tena. Akapekua kurasa anatafuta pa kuandika, hakupata, akaandika pembeni kwa kalamu, mistari miwili ya wima kando ya safu ya presha. Halafu akaniuliza, "Arubaini utakaa kwa nani?"

"Kwa mama."

"Naye ajua haya?"

"Ajua."